Ramani za Zamani Zatueleza Nini? Somo la Kaunti ya Nyandarua

  Ninyi mlioketi pamoja katika darasa la ngumbaru, nawe usikilizaye peke yako nyumbani huku ukimenya viazi, nyote nawasalimu.

Leo tutasoma kitu kisicho kitabu. Tutasoma ramani, tena si ramani mpya bali ya zamani. Labda mmoja wenu atauliza, "Mwalimu, mimi ndio kwanza nimejua kusoma gazeti. Ramani ni mambo ya wapimaji na askari. Itanisaidia nini?" Swali hilo ni zuri. Nitalijibu kwa mfano wa kaunti moja ya mashambani, kaunti ya Nyandarua iliyo katikati ya Kenya. Hata kama wewe unakaa kaunti nyingine, njia tutakazotumia ni zile zile.

Mtoto aliyezaliwa Nyandarua akitazama nje leo huona mashamba madogo ya viazi na kabichi, ng'ombe wa maziwa, na nyumba zilizo karibu karibu. Aweza kudhani kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. La, sivyo. Katika muda wa miaka 60 hivi, tangu 1904 mpaka miaka ya kwanza ya uhuru, nchi hii ilibadili wakazi mara mbili. Watu walioona badiliko la pili kwa macho yao sasa ni wazee. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1963 amepita miaka 70 leo. Wazee hawa wakituacha kabla hatujawauliza, tutabaki na karatasi tu. Na karatasi peke yake, kama tutakavyoona, haisemi yote.

RAMANI HII NI YA NAMNA GANI?

Ramani ninayoisema ni ile inayoonyesha sura ya nchi: milima, mabonde, mito, misitu, barabara, reli, shule, makanisa na nyumba. Wataalamu huiita ramani ya topografia.

Ilichorwaje? Mwaka 1946 serikali ya Uingereza iliunda idara ya kupima makoloni yake. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Martin Hotine. Ndege zilipita juu ya nchi zikipiga picha, mstari baada ya mstari. Kila picha ilirudia sehemu ya picha iliyoitangulia. Kwa nini? Kwa sababu mahali pamoja pakionekana katika picha mbili, mchoraji huweza kutambua mlima na bonde, kama vile wewe utumiavyo macho mawili kutambua kilicho karibu na kilicho mbali. Wapimaji nao walipanda milima kwa miguu wakapima vilele vyake. Kisha picha na vipimo vikaunganishwa, na ramani ikapatikana. Kazi hiyo iliendelea hata baada ya uhuru, pamoja na idara yetu ya upimaji hapa Kenya.

Basi ukipata ramani ya zamani, usianze na milima. Anza pembeni, mahali palipoandikwa maneno madogo. Tafuta mwaka. Mara nyingi utakuta zaidi ya mmoja: mwaka picha zilipopigwa, na mwaka karatasi ilipochapwa. Mwaka wa picha ndio wenye uzito. Karatasi iliyochapwa 1975 yaweza kuwa imechorwa kwa picha za miaka kadhaa kabla yake. Asiyejua hilo atasema, "Mwaka 1975 shule yetu haikuwapo," kumbe watoto walikuwa wamekwisha kuanza masomo.

Hapo pembeni pia pana ufunguo wa ramani, yaani orodha ya alama. Jifunzeni alama hizo kama mlivyojifunza herufi. Maji huchorwa kwa rangi ya samawati, na misitu kwa kijani.

KUPIMA KWA UZI

Pembeni utaona pia kipimio cha ramani, ambacho watoto wa shule hukiita skeli. Ramani nyingi za Kenya za namna hii zimeandikwa 1:50,000. Maana yake nini? Sentimita 1 juu ya karatasi ni sentimita 50,000 juu ya ardhi, yaani mita 500. Kwa hiyo sentimita 2 ni kilomita 1.

Barabara haikunyooka kama rula. Kwa hiyo chukua uzi. Ulaze juu ya barabara, ukiufuata kila mahali inapopinda. Kisha unyooshe uzi huo juu ya rula na uhesabu sentimita.

Haya, tufanye hesabu moja. Tuseme kijiji cha zamani kiko sentimita 6 kutoka mtoni ukifuata njia. Je, mama aliyekaa kijijini hapo alitembea kilomita ngapi kwenda kuteka maji na kurudi?

(Hapa redio ilitoa muziki kwa dakika moja ili madarasa yafanye hesabu.)

Jibu ni kilomita 6. Sentimita 6 ni kilomita 3 kwenda, na 3 nyingine kurudi akiwa na mtungi mgongoni. Mmeona? Habari za zamani si za wafalme na vita tu. Safari ya kila siku ya mama huyo nayo ni historia, nasi tumeipata kwa uzi na rula.

MISTARI YA KAHAWIA

Juu ya ramani utaona mistari mingi myembamba ya rangi ya kahawia, inayopinda kama alama za kidole gumba. Mistari hii huitwa kontua. Kila mmoja huunganisha mahali penye kimo kimoja juu ya usawa wa bahari. Mistari ikikaribiana sana, hapo ni mteremko mkali. Ikiachana, hapo ni tambarare.

Tazameni Kinangop, upande wa kusini wa kaunti. Juu ya uwanda wenyewe mistari imeachana, maana nchi ni sawa. Upande wa magharibi, kuelekea Naivasha, mistari inasongamana ghafula. Hapo ndipo nchi inaposhuka kwenda Bonde la Ufa. Upande wa mashariki inasongamana tena, kwa sababu milima ya Nyandarua inapanda mpaka kilele cha Ol Donyo Satima, chenye kimo cha karibu mita 4,000. Tambarare ya juu, yenye baridi, mvua na majani mazuri, iko katikati ya kuta mbili. Ukiisha kuona hayo utaelewa kwa nini wafugaji waliipenda nchi hii, na kwa nini wengine waliokuja baadaye waliitamani.

MAJINA YALIYOPANGWA TABAKA TABAKA

Sasa tusome majina. Majina ya mahali ni kama takataka za jaani: za zamani ziko chini, mpya ziko juu, na mwenye kuchimba huona tabaka zote.

Tabaka la kwanza. Soma: Ol Kalou, Ol Joro Orok, Ol Bolossat, Ol Donyo Satima, Ewaso Narok. Hayo ni maneno ya Kimaasai. "Ol Donyo" ni mlima. "Narok" na "orok" ni -eusi. Je, kwa nini kaunti ambayo leo wakazi wake wengi ni Wakikuyu ina majina mengi ya Kimaasai? Kwa sababu Wamasai walilisha mifugo yao hapa. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilifanya mapatano nao, wakaondolewa katika nchi ya Bonde la Ufa ili walowezi wa Kizungu wapewe. Baadhi yao walipelekwa kusini, wengine Laikipia. Mapatano ya pili, ya 1911, yaliwatoa Laikipia pia, na uhamisho huo ukaisha 1913. Baadhi yao walikataa, wakapeleka shauri mahakamani, lakini mwaka 1913 shauri lao lilitupwa. Watu waliondoka na ng'ombe wao, majina yakabaki.

Tabaka la pili ni la Kiingereza. Msafiri Joseph Thomson, mtu wa Scotland, alipita pande hizi katika safari yake ya 1883 na 1884. Milima ambayo Wakikuyu waliiita Nyandarua yeye aliipa jina la Lord Aberdare, aliyekuwa mkuu wa chama cha wanajiografia huko London. Maporomoko ya mto Ewaso Narok yakapewa jina lake mwenyewe, na mji uliojengwa hapo ukaitwa Thomson's Falls. Walowezi walipofika waliongeza majina ya mashamba na nyumba zao. Mji mmoja wa Kinangop mpaka leo unaitwa Engineer, yaani mhandisi.

Tabaka la tatu lilikuja na uhuru. Wilaya ya Nyandarua iliundwa mwaka 1963. Mji wa Thomson's Falls ukaja kuitwa Nyahururu. Nao leo uko kaunti ya Laikipia, karibu kabisa na mpaka. Kwa hiyo ukiona karatasi iliyoandikwa Thomson's Falls na nyingine iliyoandikwa Nyahururu, usifikiri ni miji miwili. Ni mji mmoja, na jina lake litakusaidia kujua ni karatasi ipi iliyotangulia.

KARATASI MBILI KANDO KWA KANDO

Njia nzuri ya kusoma ramani ya zamani ni kuilaza kando ya ramani ya baadaye ya mahali pale pale. Kisha jiulize maswali matatu: Nini kimeongezeka? Nini kimepotea? Nini kimehama?

Tuchukue mfano wa maji. Karibu na Njabini, kusini mwa Kinangop, liko bwawa la Sasumua. Lilimalizika 1956 ili kuwapatia watu wa Nairobi maji, na mwaka 1968 likapanuliwa. Ramani iliyotokana na picha za kabla ya kazi hiyo haina bwawa. Utaona mto na bonde tu. Ramani ya baadaye ina doa la samawati. Hapo darasa liulize: Katika bonde lile palikuwa na nini kabla halijajaa maji?

Mfano wa pili ni ziwa Ol Bolossat, ambamo mto Ewaso Narok huanzia. Ziwa hili hujaa wakati wa mvua na kupungua wakati wa kiangazi. Hapa tujihadhari. Wapiga picha wa ndege hupenda siku zisizo na mawingu, na siku hizo mara nyingi ni za kiangazi. Kwa hiyo ukiona ziwa dogo katika karatasi moja na kubwa katika nyingine, usitangaze mara moja kwamba ziwa limekufa au limefufuka. Kwanza uliza: Picha zilipigwa mwezi gani?

Mfano wa tatu ni reli. Mwaka 1929 tawi la reli lilifika Thomson's Falls kutoka Gilgil, mwendo wa kilomita 77 hivi. Fuata mstari wake kwa kidole, utapita Ol Kalou na Ol Joro Orok. Walowezi walipeleka mazao yao sokoni kwa reli hiyo. Baadaye ilikaa miaka mingi bila treni. Mtoto aliyeona reli iliyoota majani hakuweza kujua kwamba zamani maduka na maghala yalifuata stesheni. Ramani humwonyesha.

Mfano wa nne ndio mkubwa kuliko yote, nao ni ardhi. Katika karatasi iliyotokana na picha za kabla ya 1962, utaona nyumba chache zilizotawanyika, kila moja mbali na mwenzake, na njia ndefu inayofika mlangoni. Hayo ni mashamba makubwa ya walowezi. Katika karatasi ya baadaye, mahali pale pale pamejaa nukta za nyumba, barabara ndogo, shule na masoko. Nini kilitokea? Mwaka 1962 ulianza mpango wa kugawa ekari zipatazo milioni 1 zilizokuwa za walowezi. Fedha za kununua mashamba hayo zilitoka hasa Uingereza, Benki ya Dunia na Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola. Katika Kenya nzima familia zaidi ya 30,000 zilipata mashamba, na sehemu kubwa ya Nyandarua iliingia katika mpango huo. Ardhi hiyo haikutolewa bure. Waliopewa walitakiwa kulipa mkopo kutokana na maziwa na mazao yao.

YALE AMBAYO RAMANI HAISEMI

Sasa, ndugu zangu, tufike kwenye jambo lenyewe. Tukisoma karatasi ya kwanza bila kufikiri tutasema, "Zamani hapa palikuwa na watu wachache, wenye nyumba chache." Je, ni kweli?

Si kweli. Katika mashamba yale walikaa pia maskwota: familia za Wakikuyu na wengineo walioruhusiwa kujenga, kulima kipande na kufuga mifugo michache, nao kwa malipo yao wakamfanyia mlowezi kazi. Sheria ya 1918 iliwataka wafanye kazi siku 180 kwa mwaka. Baadaye, katika sehemu nyingine, siku hizo ziliongezwa zikawa 240 na hata 270, na mifugo yao ikapunguzwa. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa mwezi wa Oktoba 1952, wengi wao walifukuzwa, wakarudishwa katika maeneo waliyotengewa Wakikuyu, wakiacha nyumba na mimea shambani.

Tafuta watu hao katika ramani. Nyumba ya mlowezi yaweza kuwa na jina. Kijiji cha maskwota kitakuwa nukta chache zisizo na jina, au hakimo kabisa. Nyumba ya udongo na majani, ikiisha kubomolewa, baada ya misimu miwili haionekani. Ndege ikipita mwaka unaofuata itapiga picha ya malisho matupu. Mchoraji hakusema uongo. Alichora alichokiona, akaandika majina aliyopewa. Lakini hayupo aliyemwambia kwamba chini ya majani yale watoto walizaliwa na wazee walizikwa.

Ndiyo maana nasema ramani ya zamani ni shahidi mmoja tu, na shauri halikatwi kwa shahidi mmoja. Shahidi wa pili ni mzee. Shahidi wa tatu ni ardhi yenyewe.

Fanyeni hivi. Chukueni ramani mpaka nyumbani kwa bibi au babu anayekumbuka. Kama macho yake yamechoka, msimsumbue na maandishi madogo. Msomeeni majina ya mito na vilima, kisha nyamazeni. Jina moja hufungua mlango wa mengine. Muulizeni: Mlichota maji wapi? Ng'ombe waliogeshwa josho gani? Soko lilikuwa wapi? Ni nani aliyekaa ng'ambo ya mto? Andikeni majibu pamoja na tarehe. Kisha nendeni mahali penyewe. Huenda mtakuta mti wa matunda katikati ya malisho, mawe matatu ya jiko, au kisima kilichofukiwa. Mambo hayo matatu yakipatana, yaani karatasi, mzee na ardhi, mmepata habari ya kuaminika. Yasipopatana, ulizeni zaidi.

ONYO MOJA

Kabla hatujaachana, nawapa onyo. Ramani hii si hati ya shamba. Usiichukue ukaenda nayo kwa jirani kumwambia, "Umevuka mpaka wangu." Hebu tupige hesabu. Milimita 1 juu ya ramani ni mita 50 juu ya ardhi. Shamba la ekari 1, kama lina pande nne sawa, lina mita 64 hivi kila upande. Basi juu ya ramani shamba lako zima ni kama kichwa cha pini tu. Mstari wa penseli tu unaweza kufunika nusu yake. Mambo ya mipaka yana ramani zake nyingine na ofisi zake za ardhi. Ramani yetu ya leo ni ya kujua tulikotoka, si ya kugombania ua.

Ramani zitapatikana wapi? Idara ya upimaji ya serikali, iliyoko Ruaraka, Nairobi, ndiyo mchapaji wa ramani za Kenya. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, iliyoko Moi Avenue, Nairobi, hutunza kumbukumbu nyingi za wilaya za zamani. Na msisahau shule ya sekondari iliyo karibu nanyi. Wanafunzi hupewa kipande cha ramani ya namna hii katika mtihani wa jiografia, kwa hiyo mwalimu wao huenda anazo. Mwendeeni kwa adabu, mwombeni awaonyeshe.

KAZI YA DARASA

Jadilianeni maswali haya, kisha mwalimu wenu aandike majibu ubaoni.

1. Kwa nini ni lazima kujua mwaka picha zilipopigwa, wala si mwaka ramani ilipochapwa tu?
2. Kutoka sokoni mpaka shuleni ni sentimita 9 juu ya ramani ya 1:50,000. Ni kilomita ngapi?
3. Taja majina matano ya mahali katika eneo lenu. Kila moja ni la lugha gani? Nani alilileta?
4. Ni watu gani waliokaa katika eneo lenu zamani ambao ramani haiwaonyeshi?
5. Taja wazee watatu mtakaowatembelea mwezi huu. Nani atakwenda kwa nani?

Swali la tano msiliache mpaka wiki ijayo. Ramani zilizochapwa zitakuwapo kesho na kesho kutwa. Wazee wetu hatuna ahadi nao.

Wiki ijayo tutajifunza namna ya kuchora ramani ya kijiji chetu wenyewe kwa hatua za miguu na kamba. Kila mmoja aje na penseli na karatasi isiyo na mistari. Mpaka hapo, ndugu wasikilizaji, kwaherini.